Mwana wa Tsonka, Sehemu ya Saba: Ndiyo ya Rangel

Mkono ule! Wiki nzima nimelaumiwa kwa kuwaacha hapo. Haya, tulieni, niwape haki yenu.

Zdravka alikuwa ameisimamisha video ya mdogo wake. Rangel, aliyepotea mlimani tangu Jumanne alipokwenda kuokota uyoga, alionekana kwenye simu mzima wa afya, akicheka. Alisema yuko Ugiriki kwa rafiki, simu yake iliharibika, atarudi Jumapili, mama asilie, ale na anywe dawa. Na katikati ya maneno hayo mkono wake ukapanda, vidole viwili vikasukuma nywele nyuma ya sikio.

Rangel hana nywele. Ana upara tangu akiwa na miaka thelathini.

Na pale jikoni, hatua tatu kutoka kwenye ile simu, Ralitsa mke wa Rangel alikuwa anakoroga supu ya maharage. Akasukuma nywele zake nyuma ya sikio. Kwa vidole viwili vilevile.

"Ralitsa," Zdravka alisema. "Geuka."

"Supu itaungua, wifi."

"Iungue."

Ralitsa akageuka. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni na wala hakuuona.

"Huyu mwenye sura ya mdogo wangu," Zdravka alisema akiinua simu, "ni wewe."

"Mimi? Wifi, una homa?"

"Mkono ni wako. Kicheko ni chako. Uso tu ndio wa Rangel. Umeutoa wapi?"

Mwiko ukaanguka.

"Usipige kelele," Ralitsa alisema. "Nakuomba. Mama yuko juu, atasikia."

Akakaa kwenye kigoda cha mbao, akayamwaga yote. Kuna programu kwenye simu. Unailisha picha za mtu na sauti yake, halafu unakaa mbele ya kamera ukisema unachotaka, nayo inakuvika uso wake na koo lake. Picha za mumewe anazo za harusi na za sikukuu. Ujumbe wake wa sauti anao zaidi ya mia, kutoka ile miaka aliyofanya kazi Austria.

"Lakini kwa nini? Kwa nini, wewe mwanamke?"

"Kwa sababu ya Mitra!"

Mitra ndiye jirani wa ukuta mmoja. Kijijini Gorna Bukva mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa kwenye geti, kwenye nguzo ya umeme na kwenye kituo cha basi, na Mitra hapendi kupitwa na karatasi hata moja. Alhamisi asubuhi, Rangel ana siku mbili tu tangu apotee, Mitra alisimama mlangoni na uso wa huruma akauliza, mtaweka picha gani?

"Mama alisikia," Ralitsa alisema. "Akaanguka hapo, kwenye kizingiti. Tangu hapo hakula, hakugusa matone yake ya moyo. Nesi kaniambia, mshtuko mwingine mmoja tu na huyu mama humpati. Ningefanyaje? Nilitaka ale, wifi. Ale tu!"

"Akala?"

"Mabakuli mawili."

Nisiwafiche wasomaji wangu, hapo mimi mwenyewe niliweka kalamu chini. Jaribuni nyinyi kumlaumu. Mimi nilijaribu, nikamwona yule bibi na bakuli lake, nikashindwa.

Ila uongo hauna breki. Mama Tsonka, ndiye mama wa Rangel na Zdravka, alipomaliza mabakuli mawili alimwita Mitra, akamwonyesha mwanawe akicheka. Mitra akaiomba ile video, akairusha kwa kijiji kizima. Kufikia Ijumaa asubuhi ilikuwa imewafikia waokoaji sita waliokuwa juu mlimani siku ya tatu kwenye mvua. Wakaitazama. Wakatukana. Wakaanza kushuka.

Zdravka alikuwa ameshavaa koti. "Twende kwa Genadi. Sasa hivi."

Hawakuhitaji kwenda. Genadi alikuwa anasukuma geti.

Genadi ndiye kiongozi wa waokoaji wa mlimani. Mtu wa masharubu, buti zake matope hadi magotini, fimbo mkononi kwa sababu goti lake la kulia lilivimba Jumatano alipokuwa akimtafuta huyo huyo Rangel. Redio ya upepo ilining'inia kifuani.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Sijui niwape pole au niwape hongera. Rangel akimaliza kula samaki wa Ugiriki, mwambieni namdai radhi ya goti hili. Au mimi ndiye ninayedaiwa?"

"Genadi, ile video ni ya uongo," Zdravka alisema.

"Aa-ha."

"Wallahi... naapa kwa kaburi la baba! Rangel bado yuko mlimani. Rudisha watu."

Genadi akaegemea fimbo. "Juzi mlinililia apatikane. Leo kapatikana, mnalia kwamba siye. Hebu niambieni, dada zangu, nyinyi mnataka nini hasa?"

"Niliitengeneza mimi," Ralitsa alisema.

"Wewe?" Genadi akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Wewe ambaye Rangel akitoka hujui kuwasha televisheni?"

Ralitsa alikaa kwenye benchi la uani, chini ya mzabibu, akaegemeza simu kwenye mtungi wa kachumbari. Akaongea nayo kwa sauti ya chini. Dakika mbili, labda tatu. Kisha akampa Genadi.

Rangel akatokea kwenye kioo, anang'aa, upara wake safi.

"Genadi, mbuzi wewe," Rangel alisema. "Rudi mlimani unitafute." Na vidole viwili vikasukuma nywele zisizokuwepo.

Genadi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, goti bovu na yote. Akaigeuza simu, akatazama nyuma yake. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Mungu wangu," alisema. "Ni sauti yake. Hata lile neno mbuzi, ndivyo alivyokuwa ananiita shuleni."

"Nalijua," Ralitsa alisema. "Kanisimulia."

Sasa uso wa Genadi ukabadilika. Kicheko kiliondoka, ikabaki hesabu ya saa. Saa saba mchana. Oktoba. Giza saa kumi na mbili na ushei, ukungu mapema zaidi.

"Kwa hiyo bado yuko huko juu," alisema polepole. "Siku ya nne hii. Na mimi kwa mdomo wangu nimewaambia watu wafunge kamba washuke."

Mkono wake ukaenda kwenye redio. Na hapo hapo, kabla hajabonyeza kitufe, simu ya Zdravka ikalia mfukoni.

Ilikuwa video. Kutoka namba ya Rangel.

Ilitumwa saa moja asubuhi na ikahangaika hewani saa sita nzima kabla ya kufika. Urefu wake sekunde kumi na moja. Jiwe la kijivu, maji yanavuma, na uso: damu kavu juu ya jicho, midomo ya buluu, ndevu za siku nne.

"Zdravka," ule uso ulisema kwa shida. "Korongo la Mbwamwitu. Chini ya maporomoko, kwenye ukingo. Niko hai." Kichwa kikaenda juu na chini, juu na chini, taratibu. "Mwambie mama niko hai."

Ikakatika.

Ralitsa aliinyakua simu akaibusu kioo, akalia, akambusu wifi yake, akambusu hata Genadi kwenye masharubu yenye matope. "Yu hai! Genadi, yu hai, amesema mahali, umesikia, amesema mahali!"

Genadi hakusogea.

"Iweke tena," alisema.

Wakaiweka tena. Wakaiweka mara ya tatu.

"Ralitsa," Genadi alisema. "Hii uliitengeneza lini?"

Mnaona, jamani? Dakika tano tu zilizopita hawa wanawake walihangaika kumfanya aamini kwamba uso wa mtu unaweza kusema uongo. Wamefaulu. Wamefaulu kupita kiasi.

"Hii siyo yangu!" Ralitsa alipiga kelele. "Hii ni yeye!"

"Hata ile ulisema ni yeye. Mama yake aliamini, kijiji kiliamini, mimi niliamini. Sasa unaniletea nyingine, tena dakika hiyohiyo ninayoihitaji. Rahisi hivyo?"

"Imetoka kwenye namba yake!"

"Hata ile ya Ugiriki mama yake kaipata kwenye namba yake. Uliwezaje?"

Ralitsa akainamisha uso. "Namba yake iko pia kwenye kompyuta ya nyumbani."

"Basi."

Zdravka akamshika mkono wa koti. "Genadi, kasema mahali alipo. Nenda tu utazame!"

"Nitazame?" Genadi akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Unalijua Korongo la Mbwamwitu? Mwaka juzi tulimtoa mtu pale vipande viwili. Nina watu sita, wana watoto, hawajalala. Ukungu unashuka saa kumi. Nina muda wa kwenda mahali pamoja, sikia, pamoja! Ralitsa mwenyewe alituambia mumewe kaenda mteremko wa kaskazini, kwenye misonobari. Leo korongo limetoka wapi?"

"Ndivyo alivyoniambia," Ralitsa alisema. "Kaniambia anakwenda kaskazini."

Hapo Zdravka alisimama wima. "Genadi. Wewe unaokota uyoga?"

"Nani asiyeokota?"

"Mkeo anajua unakookota?"

Kwenye milima ya Balkani mtu atakukopesha ng'ombe, atakulaza kitandani mwake, lakini mahali anapookota uyoga hakutajii, hata uwe mke wa ndoa, hata uwe padri. Mkewe Genadi anaamini kwamba mumewe huokota karibu na machimbo. Hajawahi kufika karibu na machimbo.

"Hajui," alikiri.

"Na Ralitsa hakujua. Uongo wa kwanza ni wa Rangel mwenyewe, mjinga yule. Mmemtafuta siku tatu mahali ambapo hakukanyaga!"

Hili lilimwingia. Nawaambia lilimwingia, aliitazama redio. Kisha akatikisa kidole.

"Na kichwa?" alisema. "Kichwa je?"

Ngojeni kidogo, hapa lazima niwaeleze nyinyi msiofika huku. Kwa Mbulgaria, ndiyo ni kichwa kulia na kushoto. Hapana ni kichwa juu na chini. Najua, ni kinyume cha kwetu. Mwaka wangu wa kwanza nchini humu mwuza mkate aliniuliza kama nautaka, nikaitikia kwa kichwa kama nilivyolelewa, akaurudisha rafuni. Nililala njaa na adabu zangu.

"Huyu anasema niko hai," Genadi alisema, "na kichwa kinapanda na kushuka. Mbulgaria gani huyo? Anasema niko hai huku kichwa kinasema siko! Ile ya Ugiriki angalau ilitikisa kama mtu. Hii ni mashine, Zdravka. Mashine imefundishwa na wageni, inatikisa kama wageni."

"Ile ya Ugiriki ilitikisa vizuri kwa sababu ilikuwa kichwa changu!" Ralitsa alisema.

"Rangel alikaa Austria miaka kumi na miwili," Zdravka alisema. "Amerudi anatikisa kama wao. Kila siku mama anamgombeza mezani!"

"Wewe ndiye usemaye. Wewe dada. Na huyu mke ndiye fundi wa vinyago." Genadi alionekana anataka kulia. "Nami nataka kuamini, Mungu anaona. Lakini nikienda korongoni naye yuko kaskazini, anakufa usiku huu. Nikienda kaskazini naye yuko korongoni, anakufa usiku huu. Nipeni mtu mmoja. Mmoja tu ambaye mkono wake haukuingia kwenye chungu hiki, aniambie huyu ni Rangel."

Wote watatu wakainua macho kwenye dirisha la juu.

"Hapana," Ralitsa alisema. "Utamuua. Nesi kasema mshtuko mmoja. Wifi, nakupigia magoti, hapana."

Akapiga magoti kweli, pale kwenye majani ya mzabibu. Zdravka alimzunguka akapanda ngazi.

Ngazi zilikuwa kumi na nne. Zdravka alizipanda akijua kwamba anakwenda kumnyang'anya mama yake mtoto mzima, anayecheka, mwenye samaki Ugiriki, na kumpa mwingine mwenye damu usoni. Na akijua kwamba anaweza kuwapoteza wote wawili kabla ya jua kuzama.

Mama Tsonka alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, bakuli tupu mapajani. Simu yake ilisimama imeegemea mtungi wa asali. Rangel wa Ugiriki alikuwa anacheka humo bila sauti.

"Mbona kelele huko chini?" mama aliuliza. "Genadi anataka nini?"

"Anaaga, mama."

"Hukumpa hata kikombe cha chai?"

"Mama, nikuulize kitu." Zdravka akakaa ukingoni mwa kitanda. "Rangel akisema ndiyo... tangu arudi Austria... anatikisaje kichwa?"

Yule mama hakumtazama binti yake. Aliitazama simu. Kisha akanyoosha mkono, akailaza kifudifudi mezani.

"Wananichukulia mtoto," alisema. "Umri wote huu."

"Mama?"

"Mara ya kwanza nilifurahi tu, macho yalijaa machozi, sikuona kitu. Mara ya pili nikaona kichwa. Anatikisa vizuri, kama babake. Nikasema moyoni, miaka miwili namgombeza mezani, hatimaye amenisikia. Mara ya tatu nilijua."

"Ulijua? Tangu jana ulijua?"

"Nimemzaa mimi. Nilijua na sikutaka kujua. Supu ilikuwa ya moto, Zdravka, na alikuwa anacheka. Nikasema nimwache acheke kidogo."

"Na Mitra? Ulimwonyesha Mitra kwa nini?"

"Afunge mdomo wake na mapicha yake!" Kisha akaona uso wa binti yake. Akaelewa. Alielewa yote kwa mara moja, video imekwenda wapi, Genadi anaaga nini. Mkono ukashika kifua. "Wameshuka? Wamemwacha? Kwa sababu yangu?"

"Mama, matone. Kwanza matone."

"Wamemwacha kwa sababu yangu!"

"Kunywa, mama, halafu nitakuonyesha kitu. Kunywa!"

Zdravka alimhesabia matone ishirini, kumi yakamwagika. Mama akanywa bila kuonja. Kisha Zdravka akaweka simu yake mwenyewe mbele ya macho ya mama.

Jiwe la kijivu. Maji yanavuma. Niko hai. Juu na chini, juu na chini. Mwambie mama niko hai.

Mama Tsonka hakuanguka. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, pale penye damu, kana kwamba ataifuta.

"Mjinga huyu," alisema, na sauti ikavunjika katikati. "Hata anakufa anatikisa kichwa kama Mjerumani."

Akashuka ngazi zote kumi na nne kwa soksi. Ralitsa alikuwa bado yuko magotini. Mama alimpita, akamshika kichwa kidogo alipompita, akaenda kusimama mbele ya Genadi.

"Wewe mtoto wa Penka," alisema. "Nilikufuta kamasi ukiwa huna meno. Nitazame. Yule wa Ugiriki si mwanangu. Huyu wa jiwe ndiye. Kwa kichwa hicho hicho kibaya nimemlaani mara elfu, leo nakibariki. Peleka watu."

"Shangazi, una hakika? Ukikosea..."

"Nikikosea nitabandika karatasi getini kwa mkono wangu. Peleka watu!"

Genadi akabonyeza kitufe, akamwita mmoja wa wale sita. "Kamen! Kamen, unanipata? Acheni kufunga. Korongo la Mbwamwitu, chini ya maporomoko, kwenye ukingo. Kimbieni!"

Naye alibaki, goti lisingemfikisha, na ua ule, ulio upande wa juu wa kijiji, ndio pekee ambapo redio ilishika vizuri. Wakangoja wanne chini ya mzabibu. Saa nane. Saa tisa. Mitra alileta pai ya jibini akasimama getini bila kuthubutu kuingia, na hakuna aliyemfukuza wala kumkaribisha. Ukungu ulianza kuteremka kwenye misonobari kabla ya wakati wake. Mama hakutaka kuvaa viatu.

Saa kumi kasorobo redio ikakoroma.

"Mkuu! Tunamwona!" Ilikuwa sauti ya Kamen, inahema. "Yuko kwenye ukingo, kama alivyosema! Yu hai!"

Siwezi kuwaandikia sauti aliyoitoa Ralitsa.

"Anasema nini?" Genadi aliuliza.

"Hawezi kusema, taya limekufa ganzi kwa baridi. Lakini anatusikia, anatufuata kwa macho. Mkuu, machela iko nyuma na wenzetu, mwendo wa saa nzima. Ukungu umeshatufikia. Tunaweza kumvuta sasa hivi kwa mkanda na kamba."

"Msimguse bado. Muulize kama anaisikia miguu yake. Kama anaisikia, vuteni. Kama haisikii, mgongo umevunjika, mkimkunja kwenye mkanda mnamuua. Msubiri machela hata mkilala hapo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Maji yalivuma ndani ya redio. Ralitsa alikuwa amemshika wifi yake mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mkuu!" Kamen alikuwa anacheka. "Nimemuuliza mara mbili. Amesema ndiyo! Anaisikia miguu! Tunamfunga mkanda!"

Mitra akapiga makofi pale getini. Ralitsa akamkumbatia. Ndiyo, akamkumbatia hata Mitra. Genadi akavua kofia akajifuta uso.

Mama Tsonka peke yake hakucheka.

"Genadi," alisema. "Kijana kasema taya limekufa ganzi. Amesemaje ndiyo?"

Genadi alimtazama. Rangi ikaanza kumtoka. Wale watu sita walikuwa chini ya mlima mazungumzo yote ya vichwa yalipokuwa yakiendelea hapa uani. Hakuwaambia. Katika haraka zote zile hakuwaambia.

"Kamen! Amesemaje ndiyo?"

"Kwa kichwa, mkuu, kama watu wote. Kulia, kushoto, kulia."

"Msimvute!" Genadi alinguruma. "Kamen, hiyo kwake ni hapana! Hapana! Msimvute!"

Lakini redio ya upepo husema upande mmoja kwa wakati, na Kamen alikuwa ameshaichomeka mkandani ili mikono yote miwili ishike kamba, na kitufe kikabanwa. Walikuwa wanamsikia. Yeye hakuwasikia. Zdravka alimpigia Kamen simu, haipatikani, akapiga tena, haipatikani.

"Shika hapa, ndugu yangu," sauti ya Kamen ilisema kutoka korongoni, kwa upole, inaongea na Rangel. "Mbona unatikisa sana kichwa? Tumekuelewa, tumekuelewa. Tulia. Haya, vijana, wote kwa pamoja, nikifika tatu."

Mama Tsonka aliipokonya redio mikononi mwa Genadi, akaishika kwa mikono yote miwili mdomoni, akamwita mwanawe kwa jina.

"Moja," redio ilisema. "Mbili..."